Hita ya Maji Imeanza Kusumbua: Itengenezwe au Ibadilishwe?

Baridi ya Juni na Julai ikishika Njombe, Mbeya, Arusha, Lushoto, Limuru na Nairobi, swali moja hurudi kwa wingi: hita ya maji imeanza kusumbua, je, itengenezwe au inunuliwe nyingine? Wapo ambao taa ya hita inawaka na maji yanatoka baridi. Wapo ambao maji ni ya moto lakini yanakwisha kabla mtu wa pili hajaoga. Na wapo walioambiwa na fundi, baada ya kuangalia kwa dakika mbili tu, "Hii imekwisha, nunua mpya," nao wanashuku kwamba fundi huyohuyo ndiye anayeziuza hizo mpya.

Jibu fupi ni hili: usianze na umri wa hita wala bei ya mpya. Anza na kilichoharibika. Karibu kila kitu ndani ya hita ya tangi ni kipuri kinachofunguliwa na kubadilishwa: elementi, themostati, anodi, vali, mpira wa kuzibia. Kitu kimoja tu hakina kipuri, nacho ni tangi lenyewe. Tangi likitoboka, mjadala umekwisha. Kabla ya hapo mjadala upo, na mwenye nyumba anaweza kuufuata bila kuwa fundi.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulipita. Hita haifi bila sababu. Ukifunga mpya juu ya kosa lililoiua ya zamani, iwe ni maji ya chumvi, waya mwembamba au vali iliyozibwa, mpya nayo itakwenda njia ileile.

## Kwanza, jua ulicho nacho

Ushauri unaofaa hita moja unaweza kuharibu nyingine. Majumbani mwetu aina hizi nne ndizo zinazokutwa zaidi:

- Hita ya tangi. Pipa la lita 15 hadi 100 lililotundikwa ukutani au kufichwa juu ya dari. Mara nyingi elementi yake ni ya wati 1,500 hadi 2,000. Hupasha maji na kuyatunza yakiwa moto.
- Shawa ya umeme. Ile kofia ya plastiki inayopasha maji papo hapo yanapopita. Haitunzi chochote, ila hula umeme mwingi kwa mkupuo, wati 3,500 hadi 7,500.
- Hita ya jua. Tangi juu ya paa, pamoja na mirija ya kioo au bapa jeusi linalopokea jua.
- Hita ya gesi. Sanduku la ukutani lenye jiko dogo ndani, linalowaka lenyewe ukifungua bomba.

Makala haya yanakaa zaidi kwenye hita ya tangi, kwa sababu ndiyo yenye uamuzi mgumu. Nyingine zina sehemu zake mbele.

## Kabla ya kugusa chochote

1. Zima breka ya hita kwenye meni swichi. Usitegemee swichi ya ukutani peke yake, kwani kama aliyefunga alipindua nyaya, ukizima swichi hiyo umeme bado unafika kwenye hita.
2. Pima kwa tesa baada ya kuzima. Kibandiko kwenye breka kinaweza kudanganya.
3. Fungua bomba la maji moto na uyaache yapite mpaka yapoe. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kuunguza ngozi ya mtu mzima vibaya kwa sekunde tano hivi, na ya mtoto kwa muda mfupi zaidi.
4. Kisha funga koki inayoingiza maji baridi kwenye hita.
5. Piga picha ya kibandiko cha hita: lita, wati, shinikizo na mwaka. Picha hiyo ndiyo utakayompelekea muuza vipuri, na itakuokolea safari ya pili dukani.

Kuangalia, kusikiliza na kupapasa ni kazi ya mwenye nyumba. Kufungua kifuniko cha nyaya ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, inayotolewa na EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya.

## Dalili, na maana ya kila moja

Maji hayapati moto kabisa. Anza na rahisi. Je, breka imekatika? Je, themostati imejizima? Hita nyingi zina kitufe kidogo cha usalama nyuma ya kifuniko, ambacho huruka maji yakizidi joto. Fundi akibonyeze mara moja. Kikiruka tena, themostati ndiyo mgonjwa. Kama vyote viko sawa, apime elementi kwa mita. Elementi nzima ya wati 2,000 kwenye umeme wa volti 230 husoma karibu omu 26, na ya wati 1,500 karibu omu 35. Mita isiposoma chochote, elementi imekatika. Hicho ni kipuri. Hita haitupwi kwa sababu hiyo.

Maji ni ya moto lakini yanakwisha upesi. Huenda ukoko wa chokaa na mchanga vimejaza sehemu ya tangi. Huenda pia mrija mrefu wa ndani, ule unaochota maji ya moto kutoka juu, umeliwa na sasa unachota maji vuguvugu ya katikati. Vyote viwili vinatengenezeka. Lakini kwanza hesabu watu: kama familia ilikuwa ya wawili na sasa ni ya watano, hita haina ugonjwa wowote, ni ndogo tu.

Hita inanguruma au kukwaruza ikipasha. Elementi imevikwa ukoko, na mapovu ya mvuke yanapasukia chini yake. Ifunguliwe, ikwanguliwe, ilowekwe kwenye siki, na tangi lisuuzwe.

Maji yana rangi ya kutu. Jaza ndoo mbili nyeupe, moja kwa maji baridi na nyingine kwa maji moto. Zote zikiwa na kutu, tatizo ni mabomba ya chuma au maji yenyewe. Ya moto peke yake ikiwa na kutu, tangi limeanza kuliwa. Angalia anodi, suuza tangi, kisha urudie kipimo baada ya wiki. Kutu ikibaki, anza kuweka akiba ya hita mpya.

Harufu ya mayai viza kwenye maji moto. Ni bakteria wanaopatana na anodi ya magnesiamu, hasa kwenye maji ya kisima. Pandisha joto hadi nyuzi 60 au zaidi kidogo kwa saa kadhaa, suuza, na harufu ikirudi weka anodi ya alumini yenye zinki. Hakuna cha kutupa hapo.

Unapigwa shoti, au breka inakatika kila hita ikiwashwa. Acha kuitumia saa hiyohiyo. Mara nyingi ni elementi iliyopasuka na kuvujisha umeme ndani ya maji. Elementi hubadilishwa, lakini kama kulikuwa na shoti na breka haikukatika, tatizo ni kubwa kuliko hita: ethi ya nyumba haifanyi kazi, au haipo.

Sakafu inalowa chini ya hita. Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo.

## Kufuatilia uvujaji kwa karatasi ya chooni

Usikubali neno "inavuja" peke yake. Inavuja wapi?

1. Zima umeme, subiri hita ipoe, kisha ikaushe yote kwa kitambaa.
2. Zungushia kipande cha karatasi ya chooni kwenye kila kiungio: bomba la kuingia, bomba la kutoka, vali, na kifuniko cha chini kinachoshika elementi.
3. Subiri dakika 20 ukitazama ni karatasi ipi inayolowa kwanza. Maji hutambaa, kwa hiyo karatasi ya chini kabisa inaweza kulowa kwa kosa la kiungio cha juu yake.
4. Kiungio kikilowa, kazi ni spana na uzi wa kuzibia. Kifuniko cha elementi kikilowa, ni mpira wa kuzibia. Bei yake ni ndogo.
5. Karatasi zote zikiwa kavu na maji yanachuruzika kutoka ndani ya ganda, mahali pasipo na kiungio chochote, tangi limetoboka.

Kipimo hiki hakihitaji kifaa, na ndicho kinachotenganisha mpira wa kuzibia na hita nzima.

## Tone la kawaida na tone la hatari

Kuna tone moja ambalo huwatisha watu bure, na kujaribu kulizuia kumeleta balaa. Maji yakipashwa kutoka nyuzi 20 hadi 60 hutanuka kwa takriban asilimia moja na nusu. Tangi la lita 50 linapata karibu robo tatu ya lita isiyo na pa kukaa, kwa sababu vali ya usalama iliyopo kwenye bomba la kuingilia hairuhusu maji kurudi nyuma. Ziada hiyo hutokea kwenye tundu dogo la vali, tone moja moja, wakati hita inapasha. Hiyo ndiyo kazi yake.

Wenye nyumba huona matone na kumwita mtu aje "kuziba". Wengine huchomeka msumari au kufunga kizibo. Kuanzia hapo, themostati ikigoma kujizima, hakuna mahali pa kutolea shinikizo, na tangi lililo juu ya kichwa cha anayeoga linaweza kupasuka.

Pambanua hivi:

- Inadondosha wakati wa kupasha tu: kawaida. Funga kijibomba kidogo kielekeze matone kwenye sinki au shimo la maji.
- Inadondosha mchana na usiku, hata hita ikiwa baridi: vali imechoka au imeshikwa na uchafu, au shinikizo la maji yanayoingia ni kubwa mno. Badilisha vali na upime shinikizo.
- Haijawahi kudondosha hata tone: inua kile kijimkono chake. Kama maji hayatoki, vali imeganda kwa ukoko, nayo ni hatari kuliko ile inayovuja. Kijimkono hicho kiinuliwe angalau kila baada ya miezi michache ili kisigande.

## Kipuri kinachosahaulika: anodi

Ndani ya hita nyingi za chuma kuna fimbo ya magnesiamu iitwayo anodi. Chuma cha tangi kimepakwa tabaka la kioo, lakini tabaka hilo huwa na nyufa ndogo. Magnesiamu huliwa na maji kwanza, na wakati inaliwa chuma kinapona. Ikiisha, zamu ni ya tangi.

Anodi mpya ni fimbo laini, yenye unene wa kidole au zaidi. Iliyofanya kazi huwa na mashimo na magamba meupe. Iliyokwisha ni waya mwembamba tu wa chuma uliobaki katikati, mara nyingine umevunjika. Fundi akifungua hita kubadilisha elementi, mwambie, "Fundi, nionyeshe na anodi." Kama imepungua zaidi ya nusu, ibadilishwe hapohapo, maana hita imeshafunguliwa na mpira mpya wa kuzibia unawekwa kwa vyovyote.

Iangaliwe mara ngapi? Kwa maji laini, kila baada ya miaka miwili inatosha. Kwa maji ya chumvi au magumu, kama ya visima vya pwani vya Dar es Salaam na Mombasa au maji ya Dodoma, iangaliwe kila mwaka. Hita ileile inayodumu miaka mingi Mbeya inaweza kutoboka mapema sana Kigamboni, na mwenye nyumba akalaumu kampuni iliyoitengeneza wakati aliyeila ni maji ya kisima chake.

Hita zenye tangi la chuma kisichoshika kutu aghalabu hazina anodi. Soma kijitabu chake kabla ya kumtuma fundi kuitafuta.

## Tangi likitoboka, usichomelee

Wapo mafundi watakaojitolea kuchomelea. Kataa, hata akiwa ni mtu wa nyumbani. Joto la kuchomelea huvunja tabaka la kioo kuzunguka tundu, na kutu itaanza upya pembeni ya kiraka. Povu linalotunza joto linalozunguka tangi huungua na kutoa moshi wa sumu. Na kiraka hicho kitakaa kwenye chombo chenye shinikizo, karibu na umeme, juu ya kichwa cha mtu. Gundi za kuzibia matundu nazo hazishiki kwenye chuma kinachotanuka na kusinyaa kila siku.

## Sasa amua

Tengeneza ikiwa:

- kilichokufa ni elementi, themostati, vali, anodi au mpira wa kuzibia;
- ganda halina kutu inayobanduka, na maji moto ni safi;
- vipuri vya aina yako vinapatikana mjini kwako;
- gharama ya vipuri pamoja na fundi haifiki nusu ya bei ya hita mpya ya ukubwa uleule.

Badilisha ikiwa:

- tangi limetoboka;
- kutu inarudi kwenye maji moto hata baada ya kusuuza na kuweka anodi mpya;
- uso unaobana mpira wa kifuniko cha elementi umeliwa, kiasi kwamba mpira mpya nao unavuja;
- nyaya na plastiki za ndani zimeungua na kuyeyuka;
- hita imepita miaka kumi na sasa inadai kipuri cha pili au cha tatu ndani ya mwaka mmoja.

Kati ya orodha hizo mbili kuna eneo la kijivu, na hapo swali la kumuuliza fundi ni moja. Akisema, "Mama, hii imekufa, tubadilishe tu," mjibu, "Kilichokufa ni nini? Nionyeshe." Fundi wa kweli ataonyesha elementi iliyopasuka, anodi iliyokwisha au tone linalotoka kwenye ganda. Asiyeweza kuonyesha bado hajapima.

## "Lakini mpya itaokoa umeme"

Hii ndiyo hoja ya dukani inayouza hita nyingi, na kwa hita ya tangi ina ukweli mdogo. Elementi hugeuza karibu umeme wote kuwa joto, iwe ya mwaka huu au ya miaka minane iliyopita. Hata yenye ukoko hupeleka joto lake ndani ya maji. Tatizo ni kwamba yenyewe hupata moto kupita kiasi na kufa mapema.

Hesabu haibadiliki. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunahitaji karibu uniti 2.3 za umeme. Kwa mteja wa TANESCO anayelipa takriban shilingi 356 kwa uniti, pamoja na kodi na tozo, hiyo ni kama shilingi 830 kwa tangi zima. Mteja wa kundi la D1, mwenye nafuu ya bei kwa uniti 75 za mwezi, ajue kwamba tangi moja kwa siku litakula karibu uniti 70 peke yake. Hita mpya haitaibadilisha hesabu hiyo.

Kinachobadilika ni joto linalopotea hita ikikaa. Tangi la lita 50 likiachwa limewashwa mchana kutwa na usiku kucha hupoteza kiasi cha uniti moja kwa siku, hata kama hakuna aliyeoga. Kwa mwezi ni shilingi elfu kumi na kitu. Hapo pesa zinaokolewa bila kununua hita:

- weka kipima muda kiiwashe saa moja au mbili kabla ya kuoga;
- shusha themostati kutoka nyuzi 75 hadi 60, lakini usiende chini sana, kwa maana maji vuguvugu yanayokaa muda mrefu huzaa bakteria;
- vika sponji ya mabomba kwenye bomba refu la maji moto;
- kama mnaoga kwa zamu, ogeni kwa kufuatana badala ya kupasha tangi upya kila mara.

## Shawa ya umeme: iogope kwanza, iamue baadaye

Kwenye shawa nyingi za aina hii waya wa kupasha hugusana na maji moja kwa moja. Ndiyo maana ethi si hiari. Na ndiyo maana maji ya chumvi, yanayopitisha umeme vizuri zaidi, yanahitaji shawa iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi. Dukani zipo za aina mbili; taja maji yako kabla ya kutaja bei.

Koili ikikatika, nunua koili ya wati zilezile na ibadilishwe. Tupa shawa nzima ukiona:

- plastiki imeyeyuka au kupasuka mahali nyaya zinapoingia;
- viunganishi vimeungua na kuwa vyeusi;
- umehisi hata mwasho mdogo wa umeme ukigusa bomba. Katika hali hii zima breka, na isiwashwe tena mpaka ethi ipimwe.

Kabla ya kufunga mpya, tafuta kilichounguza ya zamani. Shawa ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 24. Waya wa milimita 2.5, uleule wa soketi, hufika ukingoni mwa uwezo wake hapo na viungio vyake huanza kupata moto. Waya uwe wa milimita 4, au 6 kwa shawa kubwa au safari ndefu, na uwe na breka yake peke yake. Ongeza na RCD ya miliampea 30, kifaa kinachokata umeme mara tu unapovuja. Bei yake si kubwa.

## Hita ya jua: tazama chini ya mirija

Mirija ya kioo ina dalili inayoonekana kwa macho. Ncha yake ya chini ina rangi ya fedha inayong'aa kama kioo cha kujitazamia. Ikigeuka nyeupe kama maziwa, hewa imeingia na mrija umepoteza uwezo wa kutunza joto. Mrija mmoja au miwili hubadilishwa bila kugusa mingine. Usinunue mfumo mzima kwa sababu hiyo.

Onyo kwa miji yenye mgao wa maji: tangi likikauka, mirija hukaa juani mchana kutwa ikiwa tupu na kupata moto mkali. Maji baridi yakirudi saa saba mchana na kuingia humo, kioo hupasuka. Funga koki ya kwenda paani maji yanapokatika, na ujaze alfajiri au usiku.

Badilisha tangi la jua linapotoboka, au linapoacha kutunza joto usiku kwa sababu povu lake limelowa maji. Kwenye hita za bapa, angalia kioo kilichopasuka na mvuke unaobaki ndani siku nzima.

## Hita ya gesi: hapa hakuna kusubiri

Moto wake uwe wa buluu. Ukiwa wa njano, au masizi yakionekana kwenye ganda, gesi haiungui vizuri na inatoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu na inayoua. Zima, fungua madirisha, mwite fundi wa gesi. Kama sahani za ndani zinazopasha maji zimetoboka au zimeziba kwa masizi, badilisha. Na hita isiyo na bomba la kutolea moshi nje haifai kabisa kuwa ndani ya bafu, iwe mpya au ya zamani.

## Maswali yanayofuata daima

"Nyumba ni ya kupanga." Usitengeneze kimyakimya halafu ukadai. Mpelekee mwenye nyumba picha na ujumbe mfupi kabla ya fundi kuanza kazi: "Shikamoo mzee. Hita ya bafuni inavuja kwenye tangi lenyewe, si kwenye kiungio. Picha hizi hapa. Fundi amesema haitengenezeki. Naomba tuelewane nani anunue, na kama ni mimi, ikatwe kwenye kodi." Jibu lake lihifadhi.

"Kuna ya mtumba, bei nusu." Tangi la hita hulioni kwa ndani. Labda muuzaji akubali kufungua kifuniko mbele yako ili uone anodi na kutu. Akikataa, muage.

"Nisubiri ife kabisa?" Elementi inaweza kusubiriwa, ikifa utaoga maji baridi siku mbili. Tangi linalotoa kutu lisisubiriwe kama liko juu ya dari ya jipsamu, kwa maana siku ya kutoboka dari nayo itashuka.

"Fundi anasema lita 100 ndiyo salama." Salama kwa nani? Lita 50 za nyuzi 60 zikichanganywa na maji ya nyuzi 20 hutoa karibu lita 100 za kuogea za nyuzi 40, sawa na ndoo tano za lita 20. Familia inayooga kwa ndoo haihitaji zaidi ya hapo. Inayokaa chini ya shawa dakika kumi kila mtu inahitaji.

## Ukiamua kubadilisha, fuata mpangilio huu

1. Andika kilichoiua ya zamani, na ukitatue kwanza: waya, ethi, shinikizo au maji.
2. Nunua yenye alama ya TBS, au ya KEBS kwa Kenya, yenye vipuri mjini kwako. Muulize muuzaji akuonyeshe elementi na anodi yake rafuni kabla hujalipa.
3. Kagua ukuta. Hita ya lita 80 ikijaa huzidi kilo 100 pamoja na chuma chake. Tofali lenye matundu linahitaji boliti ndefu zinazopita upande wa pili au fremu ya chuma. Ukuta wa jipsamu haufai.
4. Upande wa moto tumia bomba la PPR la maji moto. PVC ya kawaida hulainika na kupinda.
5. Weka vali mpya ya usalama, hata kama ya zamani inaonekana nzima, na kijibomba cha kutolea matone.
6. Jaza tangi kwanza. Fungua bomba la maji moto mpaka maji yatoke mfululizo bila kupiga chafya za hewa, ndipo umeme uwashwe. Elementi ikiwashwa kwenye tangi tupu inaweza kuungua papo hapo, na kosa hilo aghalabu halimo kwenye dhamana.
7. Fundi apime ethi mbele yako baada ya kuwasha, kisha arudie kipimo cha karatasi kwenye viungio maji yakiwa yameshapata moto.
8. Dai risiti na kadi ya dhamana iliyogongwa muhuri. Kwa kalamu isiyofutika, andika kwenye ganda la hita tarehe ya kufungwa na tarehe ya kuangalia anodi: mwaka mmoja mbele kwa maji ya chumvi, miwili kwa maji laini.